Habari za Abdiel wa Elerai, Aliyeiteka Sentensi Moja Nkoaranga

Tegeni masikio, enyi wakazi wa nchi iliyo chini ya Mlima Meru, mnaouza na mnaonunua, mnaopalilia kahawa na mnaoinywa bila kujua inatoka wapi. Zimeni redio, funikeni sufuria, kwa maana yanenwayo hapa si habari za mashujaa walioteka ng'ombe wala za wafalme waliogombea mto, hayo ni mambo madogo. Hapa panasimuliwa namna Mwalimu Abdiel wa Elerai, Simba wa Chaki, Mpasua Sentensi, Baba wa Vitenzi Visivyo Kawaida, alivyowafundisha Wajapani wanne kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza zikawa moja. Mwenye moyo mwepesi na akae chini.

Wanafunzi hao, wa chuo kimoja cha Japani, walikuwa wamefika Nkoaranga kujifunza kilimo cha kahawa, wakapangiwa hosteli iliyosimamiwa na Dada Hedwiga, mwanamke wa Kilimanjaro asiyepoteza neno wala sabuni. Kiswahili walikuja nacho, cha kutosha kusalimia na kushukuru. Lakini ripoti zao zilitakiwa ziandikwe kwa Kiingereza, na Kiingereza chao kilikwenda kwa hatua fupi. Huyu ni mkulima. Mkulima ana shamba. Shamba ni zuri. Kila sentensi ilisimama peke yake kama mgeni asiyemjua mtu harusini. Ndipo Abdiel alipoitwa kutoka Elerai aje na vile vineno viunganishavyo, who na which na whose na ukoo wao wote, ili mkulima na shamba lake wakae pamoja kwa amani.

Alipanda mlima Jumatatu asubuhi akiwa amevaa koti, kwa sababu mashujaa huvaa koti hata jua likiwaka. Alipoingia darasani, wanafunzi wote wanne wakasimama, wakainama mpaka kiunoni, na hapo moyo wa shujaa ukayeyuka. Katika miaka yote ya ualimu wake hakuna aliyewahi kumwinamia ila aliyekuwa akiokota kalamu. Akawapenda papo hapo, wala hakuficha.

"Enyi wana wa visiwa vya mbali," akanena, mkono mmoja kifuani, "mmepita bahari na mawingu mkafika mbele ya lango la Kiingereza, na wengi wamelifikia lango hilo wakarudi wakilia. Lakini msiogope, kwa kuwa leo mmempata mwenye ufunguo."

Akachora mishale ubaoni, mikubwa na midogo, mingine ikienda na mingine ikirudi, mpaka ubao ukafanana na ramani ya uvamizi. Kisha akageuka, akauliza lile swali ambalo walimu wa nchi hii wameliuliza tangu chaki ilipoumbwa.

"Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," wakajibu kwa pamoja, wakainama.

Mnaona wenyewe jinsi adui alivyoanguka siku ya kwanza. Jumanne ikaanguka which, tumeelewana, ndiyo mwalimu. Jumatano whose ilijitolea shingo yenyewe. Jioni ile Abdiel akawatangazia majirani, fundi viatu, na nyumbani mke wake mwenyewe, Agnela, kwamba Japani imeelewa.

"Umewapa zoezi?" Agnela akauliza, akiendelea kuchambua mchele.

Abdiel akamwonea huruma, kwa maana watu wasiokwenda vitani huwa na maswali ya namna hiyo.

Alhamisi Dada Hedwiga akaingia darasani, akaketi nyuma, akamwomba Tomoe, msichana mpole aliyekaa mbele kabisa, atunge sentensi moja yenye who. Tomoe akasimama, akatabasamu, akainama, akaketi. Akaombwa Yosuke, jirani yake. "This is a farmer," akasema Yosuke kwa sauti ya kishujaa. Akafikiri sana. "Who," akamalizia, naye akaketi.

Hedwiga akamwita Abdiel nje. "Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Yule mwalimu Gerson wa mjini ananiomba hili darasa tangu wiki iliyopita, na ana projekta. Kesho saa nne nitawasikiliza tena. Wasipoweza, Jumatatu anaingia yeye."

"Dada Hedwiga, wananielewa. Kila siku wanasema ndiyo."

"Hata mimi mchungaji akiniuliza kama nasoma Neno kila asubuhi, nasema ndiyo."

Iliuma, tusidanganyane. Abdiel hakumwogopa Gerson, wala projekta yake. Aliogopa kuondoka kabla hajawafaa kitu watu pekee duniani waliowahi kumwinamia.

Mchana ule Bibi Elifuraha, ambaye shamba lake ndilo wanafunzi walilokuwa wakijifunzia kupogoa mibuni, akawaalika wote chakula, na mwalimu wao pia. Palikuwa na loshoro, mahindi yaliyolala ndani ya maziwa ya mgando, bakuli baada ya bakuli. Sasa fahamuni kwamba upande huu wa mlima, mgeni aliyemaliza chakula chake hajashiba, na ni aibu ya mwenye nyumba asipomwongezea. Nako Japani, mgeni anayebakiza amemtukana mpishi. Basi adabu mbili kuu za dunia zikakutana ndani ya bakuli moja, na hakuna iliyokuwa tayari kurudi nyuma.

"Umeshiba, mwanangu?" akauliza Bibi.

"Tamu sana, Bibi," akajibu Tomoe, akakwangua mpaka chini.

"Huyu anapenda," Bibi akasema kwa furaha. "Mwongezeeni."

Abdiel alicheka sana, akacheka mpaka alipomtazama Tomoe usoni. Machozi yalikuwa yakimlengalenga binti wa watu, na bado anatabasamu, na bado anainama. Lilikuwa tabasamu lile lile la darasani. Shujaa akaacha kucheka, kwa kuwa alijiona yeye mwenyewe, na koti lake, ameshika upawa.

Akamwinamia sikioni. "Bakiza kidogo," akamwambia. "Huku anayebakiza ndiye aliyeshiba. Hakuna atakayekasirika."

Tomoe akaacha vijiko viwili. Bibi akachungulia, akasema Mungu ashukuriwe, mtoto ameshiba, akaliondoa bakuli. Tomoe akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni. Kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, na darasani pia naweza kubakiza?"

"Unaweza," akasema Abdiel polepole.

"Basi mimi nimebakiza yote. Tangu Jumatatu."

Yosuke akainua mkono, akasema na yeye yote. Wale wawili wengine wakatazama chini, ambayo kwa kweli ni njia nyingine ya kuinua mkono.

Hapo, enyi wasikilizaji, shujaa wetu akatenda jambo ambalo jeshi zima la walimu lisingethubutu. Akauliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. "Mlibakiza wapi?"

"Kwetu maelezo yote yanatangulia," Tomoe akasema, akitafuta maneno. "Mtu anakuja mwisho. Wewe unamleta mtu kwanza, halafu who, halafu mimi nimepotea."

Abdiel akatazama huku na huku, hana chaki, hana ubao. Akaonyesha mlango wa Bibi. "Mgeni akija hapa, kinaingia nini kwanza, mtu au mzigo?"

"Mtu."

"Anaingia, anasalimiwa, mzigo wake unafuata nyuma. Waingereza nao hivyo hivyo. Mtu kwanza, who ndiyo kamba, na mzigo umefungwa kwenye kamba. Mzigo ukishaingia wote, sentensi inaendelea na safari."

"Kwetu mzigo unaingia kwanza," akasema Yosuke.

"Basi kwenu lazima mlango ni mpana."

Wakacheka wote, na Bibi aliyekuwa hajui wanacheka nini akacheka pia. Wakakaa pale wakiingiza wageni na mizigo yao, wengine wakikwama mlangoni, wengine wakiingia na mizigo ya watu wengine, na safari hii aliyekwama alisema amekwama.

Ijumaa saa nne Dada Hedwiga akaketi nyuma. Tomoe akasimama. Hakuinama. Akamtazama mwalimu wake usoni, akasema kwa sauti ya wazi:

"The teacher who talks too much is our teacher."

Yaani, mwalimu anayeongea kupita kiasi ndiye mwalimu wetu. Yosuke akafunika uso. Hedwiga akaipima ile sentensi kama anavyopima mchele wa hosteli.

"Kiingereza hakina kosa," akasema. "Na habari yenyewe haina kosa. Mwalimu, Jumatatu usichelewe."

Basi na iandikwe, na wajukuu wasimuliwe, kwamba katika zama zetu hizi, juu ya mteremko wa Meru, mtu wa Elerai alisemwa mbele ya mashahidi kwa sentensi moja kamili, yenye mtu, kamba na mzigo, naye akafurahi mpaka macho yakamlowa. Milima haikutetemeka. Kahawa iliendelea kukomaa kwa wakati wake. Abdiel akaweka mkono kifuani, na wote wakajua hotuba inakuja, ndefu, yenye visiwa na mawingu na malango. Akamtazama Tomoe, akaushusha mkono.

"Asante," akasema. "Anayefuata."