Kiti cha Mbele cha Mjomba Twumasi

S.L.P. 614,
Asokwa, Kumasi.

Ndugu Meneja wa Huduma,

YAH: KASORO MLIYOIWEKA MAHALI PABAYA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini gari lako wewe linawaka asubuhi. Mimi ni Mwalimu Ofosuhene, mmiliki wa gari lenu la familia la siti saba, mtumba kutoka Kanada. Barua yenu nimeipata. Mnasema mfuko wa hewa wa abiria wa mbele ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma, hivyo asikae mtu pale mpaka muubadilishe, bure, vipuri vikifika mwezi wa tisa. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Gia ya pili hukwama, na taa ya injini haijazimika tangu ninunue. Kwa hayo sikuwahi kuwasumbua. Tumezoeana.

2. Kati ya siti saba, mmechagua ile moja ambayo mtu wake siwezi kumwondoa. Ni ya Mjomba Twumasi, mkuu wa ukoo wetu. Kila Jumamosi nampeleka mazishini kwetu Konongo, na mkuu wa ukoo hachomekwi nyuma katikati ya masufuria na viti vya plastiki. Watu wa Konongo watasema nimemshusha cheo. Nyinyi hamwajui watu wa Konongo.

3. Habari nzito haipelekwi kwa mzee mikono mitupu. Inataka msemaji wa kuifikisha kwa niaba yangu, na chupa mbili za pombe kali. Kosa ni lenu, kwa hiyo chupa ni zenu. Juzi nilijaribu mwenyewe: "Mjomba, leo mbele kuna joto." Akanijibu, "Si ufungue dirisha, wewe!" Dirisha halifunguki. Liongezeni kwenye namba 1.

4. Basi nikaendesha mwendo wa konokono hadi Konongo, nikimtazama yeye kuliko barabara. Tukakuta marehemu keshazikwa. Mjomba ndiye aliyenisomesha, na nampenda.

Naomba basi mtume wajumbe watatu kabla ya Jumamosi, wamevaa nguo nyeusi za msiba. Ikishindikana, ihamishieni kasoro hiyo kwenye kiti cha dereva.

Wasalimie mafundi, wahasibu, na yule dada wa simu anayeniambia nisubiri.

Wako katika heshima na wasiwasi,
Yaw Ofosuhene

N.B. Bahasha hii niliisahau garini, na Mjomba hufungua barua zote za ukoo. Amenifuata hadi darasani. "Mpwa wangu, mwaka mzima jua linanichoma magoti na mkanda unanikaba shingo. Nakaa pale nisikuvunje moyo! Kwani mawaziri wakija mazishini hukaa wapi? Si nyuma?" Kisha akapunguza sauti, wanafunzi wasisikie: "Siku nyingine kitu kikitaka kuniua, wewe niambie tu." Nimemtengea siti ya nyuma. Wajumbe wasije.