Mwanafunzi wa Heshima

Ifahamike kwa wote, wenye vyeti na wanaovisubiri, kwamba chuo cha ufundi kilizifuta rasmi kuta baina ya fani. Mkurugenzi wa Mwingiliano wa Fani aliyatangaza hayo mwenyewe kwa kipaza sauti, ingawa ukumbi ulikuwa mdogo na sauti yake kubwa. Tangu siku hiyo wanafunzi wa umeme, mitambo na ujenzi wangejifunza kwa mradi mmoja wa pamoja: kupandisha maji hadi ghorofa ya juu ya bweni, ambako mabomba yalitoa upepo tu tangu yalipowekwa.

Ili umoja huo uwe na utaratibu, Mkurugenzi aliipa kila fani chumba chake, na kila chumba kufuli lake. Mwanafunzi wa umeme aliyetaka kuzungumza na wa mitambo aliomba kibali kwa Kamati ya Maongezi. Kamati hiyo haikuwa imekutana bado, kwa kuwa wajumbe wake walitoka fani tofauti na hawakuwa na kibali cha kuzungumza.

Mkurugenzi hakuona kasoro hapo. Aliona msingi. Kiti cha Naibu Mkuu wa Chuo kilikuwa wazi, Waziri alikuwa njiani kuja kuzindua mradi, na suti ilikwisha kupimwa. Ili jina lake litangulie kwenye kibao cha uzinduzi, alijiandikisha katika mradi kama Mwanafunzi wa Heshima na Kiongozi wa Kundi. Akapigwa picha ya kitambulisho, mtu mzima na kitambi chake, akitabasamu.

Siku moja, akipanda kukagua upepo wa mabomba, alisikia sauti ngazini. Wanafunzi watatu walikuwa wameweka ndoo chini, wakihema: binti wa umeme aliyeitwa Fyuzi kwa wepesi wa hasira, Spana wa mitambo na Zege wa ujenzi.

"Spana, pampu yenu inataka umeme kiasi gani?"

"Hatujui, dada. Tumeichora tu. Lakini ni nzuri balaa!"

"Na tangi lako, Zege, paa litalibeba?"

"Likiwa tupu, bila shaka."

"Tangi tupu si tunalo tayari!"

Wakacheka hadi ndoo moja ikapinduka. Wakaketi palepale kwenye maji, wakaanza kuchora ukutani kwa chaki.

"Nani amewaruhusu kushirikiana?" Mkurugenzi akanguruma.

"Shikamoo, mzee," akasema Fyuzi. "Huu si ndio mradi wa ushirikiano?"

"Ushirikiano usio na kibali ni fujo! Futeni!"

Wakafuta. Mkurugenzi akarudi ofisini akiwa ameuokoa mradi. Tangu hapo, kila alipopita ngazini aliona wanafunzi na ndoo zao, sasa zimejaa nyaya na saruji, wakinong'ona, akaridhika kwamba hakuna kinachoendelea.

Siku ya uzinduzi Waziri, mama mtulivu mwenye mtandio mweupe, alisimama ghorofa ya juu karibu na bomba. Mkurugenzi akalifungua kwa vidole viwili. Maji yakaruka kwa kishindo, yakamlowesha Waziri, suti na kibao. Bweni zima likalipuka kwa vigelegele. Watu wakacheza kwenye maji, viatu mkononi.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi akasema, akichuruzika maji, "katika mfumo wangu mtegea kazi hana pa kujificha. Kila mwanakundi huulizwa hadharani na wenzake amefanya nini. Asiyechangia hurudia mwaka wa kwanza na kulala bwenini, awe nani awe nani!"

"Mfumo mzuri," Waziri akasema, akikamua mtandio. "Hebu tuuone ukifanya kazi. Kiongozi wa kundi ni nani?"

Mkono wa Mkurugenzi uliinuka kabla ya akili yake kuuwahi.

Fyuzi akasogea. "Mzee wetu, ulifanya nini?"

"Nilitoa mwongozo."

"Mwongozo gani?" Waziri akauliza.

"Tusimwonee, Mheshimiwa," Spana akaingilia kwa heshima zote. "Alituelekeza tufute ukuta."

"Ukafutika?"

"Ukafutika kabisa."

"Nani aliufuta?"

"Sisi."

Waziri akamshika Mkurugenzi bega, kwa upole wa mzazi. "Pole, mwanangu. Mwaka wa kwanza."

"Lakini mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Ulikuwa. Sasa una masomo."

Juma lililofuata ulianza mradi mpya, mtaro wa maji machafu nyuma ya jiko, na mwanafunzi mmoja mwenye kitambi akapangwa katika kundi la Fyuzi.

"Karibu, mzee. Shika sepetu hili."

Mzee akalitazama sepetu juu hadi chini. Akakohoa kama anayefungua kikao.

"Nilishike wapi?" akauliza.

Na fani zote tatu zikaacha kazi zao, zikakimbia kumwonyesha.