Hatua Saba Kabla ya Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naandika hivyo mwanzo kabisa ili ijulikane.

Msimamizi wetu wa chumba cha pasi anastaafu. Miaka kumi na miwili nimenyoosha nguo za watu katika duka hili la dobi. Mikunjo ya suruali ninazopiga mimi inaweza kukata mkate! Basi nani anatajwa kuchukua nafasi? Si mimi. Anatajwa Mpole!

Mpole! Mtu ambaye mwaka juzi tulimwita Radi. Alikuwa akirusha viango vya nguo. Siku moja alimfukuza mteja hadi barabarani, suruali ya mteja mwenyewe mkononi. Leo anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Bosi, mama mwenye duka, ametuambia sote kwamba anatafuta mtu aliyetulia, na atamtangaza Jumatatu ijayo. Aliposema "aliyetulia" alimtazama Mpole. Kisha akanitazama mimi, akashusha pumzi.

Mimi wananiita Pasi. Wanadai nawahi kupata moto. Uongo mtupu! Nilimwambia hivyo mama wa madoa, yule anayetoa madoa kwenye nguo kabla hazijafika kwetu. Nikapiga meza ngumi. Akasema amenielewa.

Saa ya chai nimemhoji Mpole. Siri yake ni darasa la mwamko wa nafsi. Eti binadamu hukua kiroho kwa hatua saba. Yeye yuko ya nne, baada ya mwaka na nusu. Mwaka na nusu! Nimepanga palepale, nikiandika nyuma ya mfuko wa karatasi. Nikienda kwa bidii, Jumapili nimemaliza zote. Jumatatu Bosi ataniona nang'aa.

Mke wangu nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Sijapenda.

Jumanne, 4 Machi

Darasa liko juu ya duka la vipuri vya magari. Viti vya plastiki, viatu mlangoni. Feni moja, inalalamika. Mwalimu ni mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wasukume. Ameandika hatua zote ubaoni: kushtuka, kujihoji, kuachilia, kukaa kimya, kusamehe, kutumikia, kutulia.

Ya kwanza, kushtuka. Maisha yanakupiga teke, unafumbua macho. Kila mmoja aseme kilichomshtua. Mjane mmoja akasema alimzika mumewe Januari. Mzee mmoja akasema mwanawe hampigii simu. Zamu yangu nikasema Mpole anataka kuwa msimamizi. Mpole mwenyewe akatabasamu! Nusura nimrushie kiti.

Nikaweka alama ya vyema daftarini.

Ya pili, kujihoji: mimi ni nani? Mwalimu anasema ukae na swali hilo mwezi mzima. Kwa nini? Mimi ni fundi wa pasi, baba wa watoto wawili, mtu mnyoofu, asiyependa makuu. Nimemaliza kabla sijafika chini ya ngazi. Alama ya vyema.

Hatua mbili kwa siku moja. Mpole atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Kuachilia. Achana na vitu ulivyoving'ang'ania. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta kitu nilichong'ang'ania, sikukiona. Lakini mama mkwe ana redio. Anaishi nayo. Inaimba tangu asubuhi, inatangaza vifo, inasoma bei za vitunguu. Nikaona huu ndio mng'ang'anio mkubwa kuliko wote hapa nyumbani. Nikaichukua nikampa jirani.

Nilijisikia mwepesi sana kwa muda wa dakika ishirini.

Mama mkwe alijifunga kanga, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa sebuleni kwa jirani. Sasa redio inafunguliwa kwa sauti ya juu zaidi, na yeye anapewa chai kule! Mke wangu akauliza kwa nini sikuachilia kitu changu. Nikamweleza kwamba hajafika hatua hiyo, asiharakishe.

Jioni natafuta koti langu la ngozi. Halipo. Mke wangu akasema, kwa upole kabisa, kwamba ameliachilia. Amempa mzoa taka. Nilipiga kelele mpaka watu wa nyumba ya nyuma wakafungua madirisha. Koti langu la arusi! Akasema, "Baba watoto, pumua."

Nipumue? Nipumue!

Nimeweka alama ya vyema. Ya hasira, lakini ni ya vyema.

Alhamisi, 6 Machi

Kukaa kimya. Nimeingia kazini na kadi kifuani: NIKO KIMYA, HATUA YA NNE. Makusudi, Mpole aisome. Akaisoma, akanipa dole gumba. Ananikera mtu huyu!

Kabla hajaja nilikuwa nimehamishia kwenye meza yake furushi langu la majoho ya kwaya. Majoho ishirini na manne, yana mikunjo kama kabichi. Mimi nikachukua mashati yake mepesi. Mtu wa kiroho hapaswi kuchoka bure.

Saa nne Bosi akamwita Mpole ofisini. Mpole akaisimamisha pasi kwa kitako chake, akatoka. Mama mmoja akapita na kikapu, akavuta waya. Pasi ikalala juu ya joho. Chali? Hapana, kifudifudi! Nikaiona kwa macho yangu. Moshi mwembamba. Neno moja tu lingetosha. Lakini niko kimya! Nikanyamaza kwa moyo wangu wote. Sijawahi kunyamaza vizuri namna ile.

Moshi ukawa mzito. Watu wakapiga mayowe. Joho limetoboka umbo la pasi, mgongoni hasa, kama muhuri. Bosi akaja na daftari la kazi. Majoho ya kwaya yameandikwa kwa nani? Kwangu! Sikukumbuka daftari!

Nikajitetea kwa mikono. Nikamnyooshea Mpole kidole, nikaonyesha waya, nikaonyesha kadi. Bosi akauliza kama nimepatwa na kiharusi.

Ndipo Mpole akasema, "Bosi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeacha pasi bila kuizima." Hivyo tu. Hakusema nani alimhamishia furushi. Bosi akamwambia wanaume wakweli siku hizi ni adimu.

Ameniibia hata kosa langu! Mama wa madoa alijifungia na lile joho, akaweka kiraka cha kitambaa kilekile, huoni mshono. Hakuna aliyemuuliza alivyoweza.

Alama ya vyema.

Ijumaa, 7 Machi

Kusamehe. Mwalimu alisema mfikirie mtu ambaye akitajwa unataka kutoka chumbani. Nilidhani litakuja jina la Mpole. Hapana. Lilikuja la kaka yangu.

Miaka mitatu hatusemezani. Kaka ni mwalimu mkuu, yeye ndiye mkubwa wetu. Tulipomzika baba alisimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Akafika kwenye watoto. Akajitaja yeye. Akamtaja dada yetu. Kisha akarukia wajukuu! Watu wakageuka kunitazama. Nimesimama kando ya kaburi la baba yangu, si mtoto wa mtu.

Sikurudi nyumbani kula chakula cha msiba. Kaka alipiga simu, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Dada akaja na ujumbe kwamba kaka ana jambo la kuniambia, nikamwambia amweleze baba kaburini.

Mwalimu akaniuliza kama niko tayari. Nikasema kesho saa tatu asubuhi. Akasema hakuna haraka. Yeye hajui Jumatatu kuna nini.

Nimeandika makosa yote ya kaka nitakayomsamehe. Yako kumi na moja. La nne ni la tangu darasa la tatu, kuhusu viatu vyangu na mtaro.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Nimebisha hodi kama askari.

Kaka akafungua mwenyewe. Akanyoosha mkono, akagusa bega langu kwanza, halafu uso. Akauliza, "Ni nani?"

Nikadhani ananidharau. Nikasema ni yule ambaye si mtoto wa baba. Akasema jina langu, lile la utotoni, ambalo hakuna mwingine anayeliita sasa. Kisha nikaona anarudi kitini huku mkono ukifuata ukuta.

Hakuna aliyeniambia! Yaani walitaka kuniambia.

Nilikuwa nimejipanga, kwa hiyo nikaanza kusoma makosa. La kwanza, wasifu. Akaniomba niishie hapo kwanza. Akamwambia shemeji alete bahasha ya baba. Shemeji akaleta karatasi ileile ya msibani. Kaka akaniomba niisome kwa sauti, maana yeye hawezi.

Nikasoma. Baba alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Ameacha watoto watatu. Wa kwanza, kaka. Wa pili, dada. Wa tatu...

Jina langu. Lote, na la baba nyuma yake, kwa mwandiko wa kaka.

Nikalisoma mara mbili. Kaka akasema siku ile macho yalikuwa yameshaanza kumtupa. Mistari ilikuwa ikiungana. Alikuwa amejifunza wasifu kwa kichwa, na machozi yalipokuja akapotea, akarukia alipopakumbuka. Aliona haya kusema mbele ya walimu wenzake kwamba mwalimu mkuu haoni kusoma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unakata simu."

Nikakaa. Shemeji akaleta chai. Kaka alikuwa ameshika kiwiko changu, hakukiachia. Nakiri, kwa dakika kadhaa sikuwa na hasira hata chembe, na sikujua mikono niiweke wapi.

Basi nikaitazama ile karatasi tena. Hivi! Mbele ya jina la kaka ameandika "mwalimu mkuu". Mbele ya dada, "muuguzi". Mbele ya langu? "Anapiga pasi." Anapiga pasi! Kama mtu aliyeonekana akipiga pasi siku moja, akipita njia! Si fundi. Si mtaalamu wa nguo. Anapiga!

Nikasimama, chai ikamwagika. Nikamwambia nimemsamehe makosa kumi na moja, lakini hili la kumi na mbili halisameheki. Kaka akacheka, akadhani natania. Halafu akasema, "Na mimi nimekusamehe, mdogo wangu." Mimi! Nimekosa nini mimi? Nimefunga lango kwa kishindo mpaka likafunguka tena.

Alama ya vyema. Kumi na moja kati ya kumi na mbili ni daraja la juu.

Jumapili, 9 Machi

Nimempelekea Mwalimu daftari aone alama zangu, anipe cheti kabla ya kesho. Amesema hakuna cheti. Sasa watu wanajuaje?

Akaniuliza ya kaka. Nikamsimulia vyote: macho, wasifu, kiwiko. Akafuta machozi. Nilipofika kwenye "anapiga pasi" akaacha kufuta. Akauliza hayo macho yanatibika? Nikasema sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naondoka kwa hasira.

Akasema, kwa heshima zote, bado sijafika hatua ya kwanza. Maisha yamenipiga teke, nami nimeshughulika kulikosoa lile teke.

Nikawaka. Nikamwambia yeye kazoea vichanga, mtu mzima hamjui. Nikakimbilia mlangoni kwa ghadhabu, nikatumbukiza miguu kwenye viatu vya wengine, kimoja cha mwanamke, nikajikwaa, nikaangusha viti sita mfululizo. Yule mjane akaangua kicheko. Akacheka mpaka akalia, akacheka tena. Mwalimu akasema ndiyo mara ya kwanza tangu Januari.

Kwa hiyo nimemtumikia! Hatua ya sita, alama ya vyema. Ya saba ni kutulia. Nimetulia njia nzima kurudi nyumbani, isipokuwa kwa dereva mmoja na mbuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi amemtangaza msimamizi. Si mimi. Si Mpole!

Mpole alikuwa ameshamwomba asimchague. Alimwambia aliyetulia kuliko wote humu yuko kwenye karai la sabuni mwaka wa ishirini huu, na hajapanda hatua hata moja. Mama wa madoa! Watu wakapiga makofi. Mpole akalia kwa furaha, mshenzi mkubwa. Amri ya kwanza ya mama wa madoa ilikuwa kuhamishia meza yangu dirishani, eti nipate hewa. Nimeelewa vizuri sana anachomaanisha. Nimesema hivyo kwa sauti. Akanifungulia dirisha.

Mchana kaka amepiga simu. Alhamisi anapasuliwa macho. Daktari anataka ndugu mmoja wa kukaa naye na kumshika mkono hadi afunguliwe bandeji. Dada amejitolea, lakini kaka ameomba niwe mimi. Anasema mtu wa kwanza atakayemwona, angependa awe mimi.

Nimemwambia kwanza arekebishe ule wasifu. Aandike "fundi mkuu wa pasi". Akasema baba amekwisha kuzikwa, atamsomea nani? Nikamwambia hilo si tatizo langu. Akikubali nitakwenda, asipokubali ashikwe mkono na mwalimu mwenzake. Nikakata simu.

Mke wangu ananitazama tu. Mama mkwe naye amekuja kutoka kwa jirani kunitazama. Watazame! Hatua zote saba nimezimaliza kwa wiki moja, nina amani moyoni, na anayebisha aje hapa nimwonyeshe!