Rimu za Kijani za Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Machi

Wameondoka! Mke wangu na baba yake wamepanda basi la asubuhi kwenda hospitali ya macho. Mzee anatolewa mtoto wa jicho. Atarudi Jumapili, anaona. Gari lake kaliacha uani kwetu, chini ya dirisha la sebule. Siku hizi haliendeshi, mke wangu ndiye aliyelileta; yeye hukaa tu kwenye usukani na kusikiliza redio. Kanikabidhi ufunguo mbele ya watu, kaniambia nilitazame tu, nisilifanye lolote. Kisha kaongeza, kwa sauti iliyomfikia hadi kondakta, kwamba hana wasiwasi, maana mimi sijawahi kufanya jambo likaisha. Abiria wakacheka. Mke wangu naye alitabasamu, nilimwona.

Bwana Kesho! Ndilo jina alilonibandika. Eti kwa sababu banda la kuku halina paa, na ukuta wa bafu una rangi mpaka usawa wa kiuno. Kazi ya ule ukuta niliisimamisha kwa sababu za kitaalamu. Lakini mzee kila akitoka kuoga hunipigia methali yake: linalowezekana leo lisingoje kesho. Ningetoa nini nimsikie siku moja akiniita mwanangu, kama anavyomwita mwanyumba wangu!

Jioni kaja huyohuyo mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Hakuja kunijulia hali. Kaja na futi kupima ukuta wa sebule yangu. Mzee atakaa kwetu mpaka jicho lipone, naye kamnunulia televisheni pana kama mlango. Akaniuliza mimi nimemwandalia nini. Nikamjibu atakiona. Ukweli ni kwamba sina kitu.

Alipoondoka nikachungulia dirishani. Rimu za gari la mzee! Kijani! Tena si kijani cha kiwandani, ni kijani cha mlango wa choo, kimepakwa kwa brashi, na chini yake kuna alumini safi kabisa. Nilipooa nilizikuta hivyo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, sikuwahi kumwona, na habari za rimu sikumuuliza mtu. Masikini mzee, miaka yote hii haoni alichofanyiwa. Jumapili akizitazama kwa jicho jipya si ataona haya?

Nitabandua rangi yote. Nitazisugua mpaka ajione uso. Zote nne, mpaka mwisho. Bwana Kesho atazikwa Jumapili.

Jumanne, 10 Machi

Duka la vifaa. Muuza duka kanipa dawa ya kubandua rangi na kuniambia nisome maelezo kwenye kopo. Nikamshukuru. Maelezo ni ya watu wasiojiamini.

Nimeng'oa rimu ya kwanza na tairi lake na kuiviringisha mpaka sebuleni, ili majirani wasije wakampelekea mwanyumba habari. Gari nimeliacha juu ya matofali. Nikamimina dawa kwenye ndoo ya plastiki, nikaenda kutafuta brashi. Kurudi, ndoo haina kitako! Dawa iko sakafuni, inaelekea kwenye zulia. Nikaizuia kwa taulo. Taulo jeupe. La mke wangu. La harusi.

Iliyobaki imetosha. Salaale, dawa hii! Rangi inavimba, inakunjamana, inajivua yenyewe. Aliyepaka alikuwa hajui kazi. Kuna mahali unywele wa brashi umegandia ndani. Kuna mahali kaacha alama ya kidole gumba, ile rangi ikiwa mbichi, tena imekaa wazi kabisa pembeni mwa rimu. Mtu mzima anaachaje alama ya kidole kwenye kazi ya watu? Nimeikwangua kwanza kabla ya vyote.

Jumatano, 11 Machi

Msasa. Unaanza na ule mkali, unafuata wa kati, unamaliza na ule laini kwa maji na sabuni. Ukiruka hatua, mikwaruzo inabaki. Niliruka. Imebaki. Nimeanza upya.

Alumini ikisuguliwa inatoa weusi. Nani angejua? Kitu cheupe kinatoa masizi! Mikono myeusi, swichi ya taa nyeusi, kikombe cheusi, na sikio moja sijui lilifikiwaje.

Mke wangu kapiga simu. Upasuaji umekwenda salama, bandeji imetolewa. Mzee kasoma herufi zote ukutani, kisha kamwambia nesi kwamba kifungo chake cha pili kinaning'inia. Ndiye yeye, kapona! Halafu mke wangu akasema baba anauliza sana habari za gari. Akifika anataka alione kwanza, kabla hata ya kuingia ndani. Hasa rimu.

Hasa rimu! Nikaruka mpaka nikagonga goti. Mzee ana wasiwasi na zile rimu, na mimi ndiye niliyelijua hilo kabla hajalisema. Mke wangu akauliza kelele zile za kusugua ni za nini. Nikamwambia namalizia ukuta wa bafu. Kisha akaniuliza kwa upole kama naumwa.

Alhamisi, 12 Machi

Rimu ya pili. Dawa ya kubandua imekwisha, zulia limekunywa sehemu yake. Nikatumia akili. Chini ya sinki kuna dawa ya kuzibulia mabomba. Kama inakula uchafu wa miaka ndani ya bomba, rangi ni nini?

Rangi imeila, kweli. Kisha ikaendelea na rimu. Povu! Moshi! Nikatoka mbio na kusimama uani nakohoa. Niliporudi alumini ilikuwa imegeuka nyeusi kama chungu cha kuni. Nikakaa chini. Nasema kweli, nilitaka kulia. Nikauona uso wa mzee na mdomo wake ukitamka Kesho.

Lakini sikuacha. Jambo hili naliandika ili lijulikane. Nimenunua dawa nyingine, halafu nimeisugua ile rimu kutwa nzima mpaka weusi ukatoka. Mabega yananiuma mpaka kunyanyua kijiko ni kazi. Sijawahi kufanyia kitu chochote kazi namna hii, hata mtihani wa shule.

Kwenye rimu hii nayo kulikuwa na alama ya kidole gumba, mahali palepale. Mtu wa ajabu.

Ijumaa, 13 Machi

Rimu ya tatu imetii haraka. Mimi sasa ni fundi. Mchana nikaanza kung'arisha. Nimefunga kitambaa kwenye drili, nikapaka sabuni ya kung'arishia, nikawasha. Kitambaa kikachomoka na kupiga saa ya ukutani. Saa imesimama. Nimekifunga tena kwa waya.

Halafu ikaja. Mungu wangu, ikaja! Kwanza ukungu, kisha mng'ao, kisha pua yangu. Pana, imepinda, lakini ni pua yangu! Nikaita mke wangu aje aone, nikakumbuka hayupo. Nikakaa na zile rimu tatu sebuleni, nikazizungusha moja moja zitazame dirishani. Nimefurahi. Mtu mzima, masikio meusi, nimefurahi peke yangu mpaka nikaona aibu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimefunga rimu tatu mahali pake. Nikaja kwenye ya nne, ile ya mbele upande wa dirisha. Nati moja imegoma. Nimeivuta, nimeisukuma, nimepanda juu ya spana na kuruka. Wapi!

Mwanyumba kaja na televisheni yake na fundi wa kuitundika. Kaziona rimu. Kwanza akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, kisha akainama na kujitazama meno. Wivu nauona kwa mbali! Akasema nyumbani ana bomba refu la kurefushia spana, nati ile ataitoa mara moja, tuimalize pamoja, tumwambie mzee ni zawadi yetu sote wawili. Ala! Mimi nilie na povu, yeye aje kula sifa? Nikamwambia asante, mwanyumba, nati hiyo nimeiacha makusudi ilainike. Akaondoka akitikisa kichwa.

Nikaimwagia mafuta ya taa. Nikakaa kuisubiri. Televisheni ilikuwa imewashwa kwa majaribio, nami nikaangalia kidogo kuhakikisha inafanya kazi. Kulikuwa na mpira. Wanafika kesho jioni, nina asubuhi nzima ya kumaliza. Rimu moja ni kitu gani? Nitaimaliza kesho.

Jumapili, 15 Machi

Wamefika asubuhi. Walipata lifti.

Nilisikia honi nikiwa bado kitandani. Nikatoka na shati nimeligeuza. Mzee alikuwa ameshashuka, miwani nyeusi usoni, fimbo mkononi, anakwenda moja kwa moja kwenye gari. Mwanyumba naye akatokea, sijui nani alimwambia.

Mzee akavua miwani. Akaitazama rimu ya nyuma. Akaenda upande wa pili, akaitazama ya pale. Akazunguka. Nikasubiri aniite mwanangu. Akauliza, polepole, rangi iko wapi.

Nikamweleza kwa furaha. Nikamweleza dawa, msasa, povu, mabega. Nilipokuwa nasema nikamwona mke wangu anaziba mdomo kwa mtandio. Jicho alilonitolea halikuhitaji daktari.

Ndipo mzee akasema. Macho yake yalipoanza kupata ukungu, siku moja sokoni aliingia kwenye gari la watu, akamgombeza mama mmoja aliyekaa humo kwa kukawia kwake, akidhani ni mkewe, mpaka yule mama akapiga kelele. Aliporudi nyumbani alikuwa amekata tamaa, kasema hatoki tena. Mama mkwe alichukua rangi iliyobaki ya mlango, akakaa chini uani kutwa nzima, akapaka rimu zote nne, ili mumewe aone gari lake kwa mbali. Alipomaliza akabonyeza kidole gumba kwenye kila moja. Akamwambia, hata ukishindwa kuona kabisa, papasa hapa utajua ni letu. Mzee hakuwahi kuziona vizuri. Alikuwa akiona kijani tu, kimetapakaa. Kule hospitali aliwahesabia manesi vitu anavyotaka kuona, na cha kwanza kilikuwa hicho.

Jamani. Natamani ardhi ingepasuka. Si msemo tu, nilitazama kabisa chini.

Mke wangu akamshika babake mkono, akampeleka kwenye rimu ya mbele, ile ya dirishani. Kijani. Nzima. Haijaguswa! Mzee akapiga magoti kwa shida. Akaitafuta ile alama, akaiona, akaweka gumba lake juu yake. Akakaa hivyo. Unywele wa brashi ulikuwepo, naye akauona, akacheka, akasema huyu mwanamke alikataa kununua brashi mpya.

Kisha akaniuliza, bila kugeuka, hii moja ilisalimikaje. Nikasema nati iligoma. Akasubiri. Nikasema, halafu, Baba, nikasema nitaimaliza kesho.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mvivu. Akanyoosha mkono nimwinue, akasema nishike, mwanangu.

Mwanangu! Alisema! Mwanyumba alisikia! Machozi yakanitoka, nikasema ni dawa ya rimu. Ndani, mzee akageuza kiti, akaipa televisheni mgongo, akatazama dirishani mpaka chakula. Nilimwonea mwanyumba huruma kwa muda mfupi sana.

Baadaye mke wangu kaniita jikoni. Kaliona taulo. Kaiona saa. Hakupiga kelele, jambo lililonitisha zaidi. Akasema mama yake alikuwa na mkono kwenye kila kitu cha mzee, alikarabati na kupaka na kufunga, na mimi kabla ya kugusa lolote niulize. Kisha akaniapisha nisiguse tena kitu chochote cha baba yake chenye magurudumu. Nimeapa, kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 16 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu yuko kazini. Mzee amelala kitini, uso dirishani. Kachoka, masikini.

Tangu asubuhi nafikiria namna ya kumlipa. Mtu aliyeniita mwanangu hawezi kuachwa hivihivi. Nimetazama huku na huku, macho yangu yakaangukia fimbo yake, imeegemea ukuta. Fimbo nzuri, mti mgumu, ingeng'aa! Lakini mpini wake umezungushiwa uzi mnene, umechakaa, umefungwa mafundo ya ajabuajabu. Tena wa kijani! Ukoo huu una ugonjwa wa kijani.

Fimbo haina magurudumu. Nimeichunguza pande zote. Kumwamsha mzee nimuulize ni kumkatisha usingizi, na daktari kasema apumzike.

Msasa upo, ule laini. Mkasi huu hapa. Na safari hii hakuna nati ya kunizuia, wala mpira. Naanza sasa hivi, akiamka aikute imeisha yote. Linalowezekana leo lisingoje kesho.