Zimwi wa Dhahabu Dukani kwa Shangazi

Leo nimeumbuka. Nimekimbilia huku intaneti kafe, maana dukani sina uso wa kurudi.

Mnajua nauza vitenge kwa shangazi yangu hapa Kariakoo. Mnajua pia kile kigemu changu cha mkononi cha kuwinda mazimwi (ndiyo, mtu mzima na akili zangu, endeleeni). Mazimwi karibu wote ni wa kijani. Wa dhahabu ni nadra, watu wanamtafuta mpaka wanakata tamaa. Ila si bahati! Ukiwasha tu, mashine inaanza kuhesabu kimoyomoyo, kila mara vilevile. Ukibonyeza kwa wakati wake barabara, anatoka wa dhahabu. Ukichelewa kidogo tu, kijani.

Basi, shangazi akaenda kula. Duka kimya. Nikajipenyeza nyuma, katikati ya marobota. Mwanga wa taa ulikuwa unapiga kwenye kioo cha gemu, nikajifunika kitenge gubigubi. Nikawasha, nikawa nahesabu kwa kugonga mguu sakafuni huku nanong'ona (nilidhani nanong'ona).

"Bado... bado... toka!"

Kijani.

"Si wewe! Rudi ulikotoka! Namtaka wa dhahabu!"

Nikazima, nikaanza upya. Kumbe Mama Nasra, mteja wetu mkubwa wa Buguruni, amesimama kaunta anasikiliza! Akamwahi shangazi mlangoni. Haya nimesimuliwa na Kaka Jayesh, jirani yetu wa duka la vyombo, aliyeacha wateja wake akaja kutazama.

"Mama Joyce, kumbe ndiyo maana duka lako linajaa! Unafuga jini!"

Shangazi ni mlokole. Yeye, jini! Akanyakua chupa ya maji ya kunywa, akayaombea huku anatembea.

Mimi huku nyuma: "Bado... bado... TOKA!"

Akatoka. Wa dhahabu! Anameremeta! Nikaruka juu, kitenge bado kichwani.

"Amekuja! Yuko hapa mkononi!"

"Shindwa!" Shangazi akanimwagia chupa nzima.

Mama Nasra mbio. Kaka Jayesh mbio. Gemu ikalia kama chura aliyekanyagwa, ikazimika. Zimwi wa watu hata sijamkamata!

Shangazi akafunua kitenge taratibu.

"Ni wewe?"

"Shikamoo, shangazi." (Sijui kwa nini. Tulishasalimiana asubuhi.)

"Marahaba," akajibu, naye kachanganyikiwa.

Nikamweleza yote, kigemu kinachuruzika maji. Akakaa juu ya robota, akanitazama kama mzigo uliokuja na kasoro. Kisha akasema, "Nenda kamwombe radhi mteja wangu kabla hajafika Buguruni kunitangaza."

Sikwenda mbali. Mama Nasra alikuwa amejibanza nje, peke yake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akanivuta mkono.

"Mwanangu," akanong'ona, "huyo wa dhahabu... anakula nini?"

"Betri, mama."

Sasa hivi yuko madukani anazitafuta. Atakayecheka hapa, namwambia Mama Nasra betri ziko kwake.