Mishale Saba Chini

Jumatatu, 3 Novemba. Bwera.

Mashine imebadilishwa nyuma ya mgongo wangu! Kumbe Jumamosi iliuliza kama iweke mfumo mpya, na Shafik akabonyeza ndiyo. Shafik ndiye mwenye duka hili la kutoa kopi na kuchapa barua. Ana macho mawili mazima na hakuniuliza. Anasema alidhani ananisaidia.

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Nachapa kwa vidole kumi, na programu ya kusoma skrini hunitamkia yaliyo mbele yangu. Ya zamani ilikuwa na sauti ya mwanamume mtaratibu, kama katekista wetu wa Butembo. Leo katokea mwanamke. Anaongea mbiombio, anataja kila kitu, hata nisichomuuliza. Nimemzima.

Simhitaji. Siri yangu naiweka hapa kwa nukta nundu, Shafik hawezi kuisoma: huu mwaka wa sita sisikilizi programu. Nahesabu. Kuhifadhi barua: menyu, mishale saba chini, ingiza. Kuchapisha: mishale tisa. Watu wa Bwera husema Gracien ana kasi ya ajabu. Kasi yenyewe ni hesabu tu.

Leo mishale saba imefunga barua ya mteja bila kuihifadhi. Nimemwambia umeme umekatika. Redio ya Shafik ilikuwa inaimba wakati huohuo. Mteja ameondoka bila kuaga.

Na Ijumaa ni mtihani! Chama chetu cha wasioona kinatafuta mwalimu wa kompyuta, huko Kasese. Kazi ya kudumu. Tumebaki wawili, mimi na Marlène wa Beni. Nikiipata, dada yangu Anastasie ataacha kubeba magunia ya unga kutoka mpakani. Jana nilimgusa bega nikakuta sugu. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia Marlène nikijifanya namhurumia. Nimemwuliza kama mfumo mpya umemsumbua, maskini. Amesema ulimsumbua siku mbili. Alipunguza kasi ya ile sauti, akakaa, akaisikiliza neno kwa neno mpaka wakazoeana.

Nikamwuliza, kwa kumpima tu, siku hizi kuhifadhi ni mishale mingapi.  Akasema hajui. Yeye huteremka mpaka asikie neno hifadhi, ndipo anabonyeza.

Hajui! Mtu anataka kuwa mwalimu na hajui hata namba! Nimefurahi mpaka nimenunua chapati mbili.

Amejitolea kuja Bwera kesho tufanye mazoezi pamoja. Nimemwambia nina shughuli. Siwezi kufundishwa na mpinzani. Ijumaa angeanza kuringa.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango: Shafik ameharibu, Shafik atatengeneza. Nimemwambia afungue menyu anihesabie. Amehesabu kwa kidole mpaka kwenye hifadhi. Nane. Nikamwuliza ana hakika? Akasema anaona kwa macho yake mwenyewe. 

Nikachapa barua ya Wahabu. Huyu ni dereva wa lori la saruji la Hima, anamwomba radhi mama mkwe wake kwa jambo lililotokea kwenye harusi. Nikamaliza. Mishale minane, ingiza. Hakuna mlio wowote. Nikadhani haijashika, nikarudia. Nilirudia mara kumi na nne.

Saa nane Shafik ametia karatasi kwenye printa, ambayo tangu asubuhi haikuwa na hata moja. Printa ikaamka. Ikatoa radhi za Wahabu nakala kumi na nne! Wateja waliokuwa kwenye foleni wakazipokea wakidhani ni tangazo. Mama mmoja amesema barua inagusa moyo, akaomba abaki nayo. Wahabu aliingia akakuta inasomwa kwa sauti. Sitaandika aliyoyasema.

Tumechunguza. Kumbe kwenye menyu kuna maneno matatu ya kijivu, yaliyolala, ambayo hayafanyi kazi. Mwenye macho anayaruka. Mshale hauruki, unasimama pale pale kwa kila moja, kwa hiyo ule wa nane uliangukia chapisha. Nane na tatu, kumi na moja. Nimejaribu: imehifadhi!

Kumi na moja. Nimeirudia kama rozari mpaka nyumbani.

Alhamisi, 6 Novemba

Imebaki tatizo moja. Kwenye mtihani watataka kusikia nikiisikiliza programu.

Nimewaza, nimecheka peke yangu. Kamati ina watu watatu, na wote hawaoni! Nikivaa hedifoni, nani atajua ndani yake kuna sauti au hakuna? Nimempigia mwenyekiti, Afande Baluku, askari wa zamani aliyepoteza macho jeshini. Nimependekeza kila mtahiniwa avae hedifoni, ili tusisumbuane. Amesema ni wazo lenye nidhamu. Amenisifu!

Anastasie alikuwa anapepeta unga, akasikia yote. Hakupenda.

“Yaya,” ameniambia, maana kwetu ndivyo kaka mkubwa anavyoitwa, “iyo mashini iko inasema. Juu ya nini hautaki kuisikiliza?”

Nimemweleza kwamba ni mambo ya kitaalamu. Ameendelea kupepeta. Baadaye amelipiga pasi shati langu jeupe, la Pasaka.

Ijumaa, 7 Novemba. Kasese.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya chama. 

Marlène ameanza. Polepole! Anabonyeza mshale, anangoja. Anabonyeza, anangoja. Nilisikia mtu wa kamati akipiga miayo. Nilimwonea huruma Marlène, kwa kweli.

Zamu yangu. Nikavaa hedifoni, nikapunguza sauti mpaka sifuri. Afande akaamuru niandike barua ya kukaribisha wanafunzi, niihifadhi, niisome. Nikachapa kwa kasi. Menyu, kumi na moja, ingiza. Safi kabisa.

“Soma,” amesema Afande.

Nikasoma. Yaani nikaikariri, kwa sauti nzuri, nikisimama hata kwenye vituo. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Nikadhani wameguswa.

Afande akanyoosha mkono, akaomba hedifoni. Akaivaa. Akasema imekufa. Akapapasa kitufe cha sauti akakipandisha hadi mwisho, nami nikamsikia yule mwanamke kutoka nilipokaa: Tupu. Afande akabonyeza mshale. Tupu. Akabonyeza tena. Tupu.

Mashine za Kasese zina neno moja zaidi kwenye menyu. Moja tu! Kumi na moja kwao ni kufungua karatasi mpya.

“Gracien, wewe nasoma nini? Hapa hakuna kitu.”

Nikaanza kueleza habari za umeme.

“Nyamaza. Mimi nimesikia kidole yako. Mshale kumi na moja, bila kupumzika, kama askari napiga kwata. Mutu nasikiliza anapumzika. Wewe nahesabu.” Kisha amesema taratibu, “Mimi pia nilihesabu. Miaka mbili. Halafu wakabadilisha mashini.”

Watu watatu wasioona, na wote walikuwa wameniona! Nimeona haya mpaka masikio yamechemka.

Kazi amepewa Marlène. Yeye mwenyewe ameomba niruhusiwe kukaa darasani kwake kuanzia Jumatatu. Januari watafungua darasa la pili, Bwera, na litahitaji mwalimu. Afande amesema nikijifunza kusikiliza, nafasi ni yangu. Nisipojifunza, nisimpigie simu tena.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Sikuimba. Anastasie hajanilaumu hata kidogo, na hilo limeniuma kuliko maneno ya Afande. Amesema tu Januari haiko mbali, bega lake litangoja. Nimelia kidogo, nikamwambia ni vumbi la unga.

Nimeapa kubadilika. Nimetafakari kosa langu mchana kutwa.

Jumanne, 11 Novemba. Bwera.

Nimelijua kosa langu! Ni kelele. Vitufe vilipiga kelele, ndiyo maana Afande akasikia. Kama kibodi ingekuwa kimya, leo ningekuwa mwalimu.

Basi jana niliingia darasani nimejiandaa. Nimetandika kitambaa laini juu ya vitufe, nikamwambia Marlène vidole vinaniuma kwa baridi. Amenisikitikia. Na baada ya kila mishale mitatu nimepumzika kidogo, kama mtu anayesikiliza. Sauti nimeiweka sifuri. Yule mwanamke hajanifundisha neno.

Marlène ameniuliza nimefika wapi. Nimesema hifadhi. Ilikuwa kweli! Mashine za Kasese ni kumi na mbili. Amefurahi, ameliambia darasa zima kwamba Gracien sasa anasikiliza. Afande alikuwa mlangoni, akasema vizuri.

Marlène ametangaza pia kwamba mwezi ujao mfumo utabadilishwa tena, tusiogope, maneno yatakuwa yale yale ila mahali tofauti. Sikuyatilia maanani. Wenye kuogopa ni wale wasio na namba.

Asubuhi hii Anastasie ameniuliza mashine imeniambia nini huko shuleni. Nimemwambia imeniambia mambo mengi, yote mazuri. Amenishika mkono akaubana. Kisha amejitwika gunia lake akaenda mpakani.