Njiwa Juu ya Kichwa cha Mama

Jumatatu, 9 Juni
Imetangazwa! Sisi wapenzi thelathini na mmoja wa kutengeneza kurasa za picha kwa simu tutachapisha albamu, ionyeshwe Embu Jumamosi. Kila mtu atume ukurasa wake kwa kikundi cha WhatsApp. Utakaopata mioyo mingi zaidi kufikia Ijumaa saa sita mchana ndio jalada. Mara mbili zilizopita jalada lilikuwa la Gladwell wa Embu. Mara mbili! Kuku wake na maua pembeni, basi. Yeye alifunzwa na dada yake mwenye kompyuta. Mimi nilijifunza peke yangu hapa Githongo, kwa simu iliyopasuka kioo. Ukurasa wangu bora ulipata mioyo mitano. Mmoja ulikuwa wangu.

Jumanne, 10 Juni
Wazo! Mama anatimiza themanini. Nani atapenda kuku kuliko mama? Nimechukua picha yake ya kanisani, kilemba cheupe, nikamweka kwa mawingu. Njiwa wanne juu ya kichwa. Mshumaa. Waridi jeupe kila pembe. Chini nikaandika: Macheo, 1945. Nimetuma. Kazi safi.

Jumatano, 11 Juni
Mioyo kumi na tisa kabla ya chai! Kuku wa Gladwell ana minane tu. Kisha nikasoma maneno. Mithika ameandika pole sana ndugu, mama amevipiga vita vizuri. Gachoki anauliza kamati inakutana wapi. Gladwell mwenyewe ameniambia nijipe moyo, na ameondoa kuku wake kwa heshima ya msiba.

Nikauangalia ukurasa upya. Kweli. Huku kwetu mtu akishawekewa mawingu na njiwa, watu wanauliza mazishi ni lini.

Nikaanza kuandika kwamba Mama yuko hai. Mioyo ikafika ishirini na sita. Nikafuta. Nimejibu tu: asanteni kwa upendo. Hapo uongo uko wapi?

Alhamisi, 12 Juni
Ishirini na tisa! Lakini mdomo mrefu fulani ametuma ukurasa hadi Kanyakine, kijijini kwa Mama. Kina mama wa kanisa wamefika kwake na kuni, kabichi na wimbo. Mama alikuwa nyuma akikatia ng'ombe majani. Akadhani jirani amefiwa. Akaja mbio, akajiunga na wimbo. Ubeti wa pili ndio akamuuliza Kiende, jirani yake, ni nani ametuacha. Kiende akageuka, akamwona, akatupa kabichi na kuruka ua.

Mama amenipigia. Anauliza kama nina haraka ya shamba. Amesema alinizaa, akanisomesha kwa kahawa, na mimi nimemzika kwa simu, tena bila kupikia watu hata chai. Nimemwomba anyamaze mpaka kesho saa sita tu. Amekata.

Ijumaa, 13 Juni
Saa tano na nusu: mioyo thelathini! Nimeshinda!

Saa sita kasoro robo, sauti imeingia kwa kikundi. Mama, kwa simu ya Kiende, imeletwa na mdomo mrefu yule yule. "Mimi ni Nkirote. Niko hai, na ng'ombe wangu wako hai. Gitobu mwanangu ndiye sijui. Na kabichi tumeshakula, mtu asije kudai."

Mioyo ikaanza kuondoka. Ukabaki mmoja. Wangu. Kuku akarudishwa, akapata ishirini na nane kwa dakika kumi. Mithika anataka nimrudishie pole yake.

Jumamosi, 14 Juni
Embu. Kuku kwa jalada, mkubwa kama mbuzi. Gladwell akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza mama anaendeleaje huko juu. Watu wakacheka mpaka nje. Imeamuliwa nibaki mwanachama, lakini kila picha ya mtu nitakayotuma iambatane na sauti yake akisalimia kikundi.

Jumapili, 15 Juni
Nimewaza mahubiri yote. Kosa nimeliona. Njiwa hawakuwa na shida. Shida ni kuchagua mtu aliye na jirani mwenye simu.

Mjomba Mwirigi anakaa peke yake, mbali kabisa na barabara, na sauti yake naweza kuiiga vizuri. Nimeshamkata kutoka picha ya harusi. Mawingu yanampendeza sana.